Mitokondria mbovu inajulikanaje?

Shikamooni wazee wangu, vijana mambo. Nashukuru mmefika, najua wengine mmeshuka toka Kibosho na Marangu na mvua hii.

Nianzie kihambani. Mgomba ukishakatwa mkungu hatuuachi umesimama, shina linakatwa ng'ombe anakula, samadi inarudi shambani. Seli nazo ziko hivyo hivyo kwa mitokondria, vile vijumba vinavyotengeneza nishati, seli moja inaweza kuwa navyo mamia mpaka maelfu na kimoja kikiharibika kinamwaga oksijeni kali inayounguza majirani, lazima kitoke. Ila sasa kati ya mia zote seli inaijuaje ile mbovu?

Hapa ndo patamu jamani. Kuna protini inaitwa PINK1, inatengenezwa muda wote na inapelekwa kwa kila mitokondria, nzima na mbovu. Nzima ina chaji ya umeme kwenye utando wa ndani, chaji hiyo inaivuta PINK1 ndani, inakatwa, inaenda kusagwa, haikai. Mbovu chaji imeisha, haina nguvu ya kuvuta, kwa iyo PINK1 zinarundikana mlangoni. Yaani hamna mkaguzi anayepita kukagua, mbovu inajulikana kwa vile imeshindwa kufagia mlango wake! Mi kila nikisoma hili nasisimka.

Zikirundikana zinaiamsha protini nyingine, Parkini, nayo inabandika ubikwitini, protini ndogo ya kuweka alama, nje ya mitokondria, kama ile X nyekundu kwenye nyumba iliyoko hifadhi ya barabara. Baada ya hapo mitokondria hiyo inafungwa ndani ya utando, inapelekwa kwenye lisosomu, kile kifuko cha kusagia taka za seli, inasagwa, malighafi zinatumika tena. Timu ya mwanasayansi Richard Youle kule Marekani ndo ilionyesha mwaka 2008 kwamba Parkini inakimbilia zile mbovu.

Na jeni ya Parkini ilishajulikana tangu 1998, Japani, kwenye familia ambazo jeni hiyo ina hitilafu na vijana wanapata Parkinson, ule ugonjwa wa neva unaoleta kutetemeka. Wagonjwa wengi wa Parkinson hawana hitilafu hiyo, ila kijana akianza kutetemeka mkono tusikimbilie kusema karogwa, inaniuma sana hiyo, apelekwe kwa daktari wa neva.

Mama yangu pale nyuma ameuliza kama kuna seli inazitupa mitokondria zake zote. Ndio mama, chembe nyekundu za damu, zikikomaa zinatoa zote kwa kutumia protini nyingine inaitwa NIX, kwa iyo zile zinazozunguka mwilini mwako sa hivi hazina hata moja.