Cheti cha Ndoa Hakibebi Mimba

Asalaam aleikum, mama zangu na dada zangu. Na nyinyi kina baba wachache mlioketi kule mlangoni, sogeeni mbele, maana nusu ya maneno ya leo ni yenu.

Swali nililopewa ni hili: mama aliyeolewa huzaa salama kuliko asiyeolewa? Ukichukua hesabu za jumla, jibu ni ndiyo. Kule Kuopio, Finland, zilifuatiliwa mimba zaidi ya 25,000 kati ya 1989 na 2001. Huko kliniki ni bure kwa kila mjamzito, na watu kukaa pamoja bila ndoa si jambo la kunong'onezwa. Hata hivyo, mimba za wasioolewa zilipata matatizo zaidi kwa kiasi cha asilimia 20. Huko Quebec, Kanada, walipochambua uzazi zaidi ya 700,000 wa miaka ya 1990, mama anayeishi na mwenzake bila ndoa alionekana yuko katikati: afadhali kuliko anayeishi peke yake, nyuma kidogo ya aliyeolewa. Matatizo yenyewe ni kama mtoto kuzaliwa kabla ya wiki 37, au na uzito usiofika gramu 2,500.

Hiyo asilimia 20 isiwatishe. Tuseme kati ya mama 100 walioolewa, watano huzaa kabla ya wakati. Basi kwa wasioolewa watakuwa sita. Huyo wa sita simdharau hata kidogo, lakini wale 94 waliobaki wamejifungua watoto waliotimia, na hatuwazungumzi kamwe.

Kwa nini basi? Wako watakaosema ni laana. Mimi ni mkunga, na kondo la nyuma sijaliona likisoma cheti cha nikaha. Kinachomfikia mtoto ni damu ya mama, chakula chake, presha yake, maradhi yake, hofu yake. Na asiyeolewa mara nyingi ni mdogo wa umri, mimba ni ya kwanza, haikupangwa, na ameificha. Msichana aliyejifunga leso tumboni chini ya buibui mpaka mwezi wa sita hajapimwa damu, hajameza vidonge vya kuongeza damu, wala hajapata ile dawa ya kukinga malaria tunayowapa wajawazito hapa Pwani. Presha ikipanda, nani atajua? Halafu siku anayojikaza kuja kliniki, anaulizwa kwa sauti mbele ya benchi zima: "Bwana yuko wapi?" Wengine huinuka wakaenda zao. Mwaka 2013 serikali ya Kenya ilifuta ada za kujifungua katika hospitali za umma, lakini swali kama hilo nalo lina gharama yake.

Na ile fomu ya kliniki, tunapoandika "ameolewa" au "hajaolewa", inatudanganya upande wa pili pia. Mchukueni mke wa Mtongwe, nikaha yake halali, bwana yuko kazini Doha. Saa nane za usiku chupa imepasuka. Ruhusa ya kwenda hospitali iko kwa bwana, na simu haipokelewi. Pesa za tuktuk ziko kwa wifi. Mavyaa anasema mimba ya kwanza huchelewa, tungojee alfajiri. Na akihitaji kupelekwa Coast General, hospitali kuu iliyo kisiwani Mombasa, feri bado iko mbele yake. Mwaka 1994 watafiti Thaddeus na Maine walieleza namna tatu za kuchelewa zinazowaua kina mama wajawazito: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, kuchelewa kuhudumiwa. Huyu amekwama kwenye ile ya kwanza, sebuleni kwake, na kwenye fomu ameandikwa "ameolewa". Jirani yake hana mume, anaishi na mamake na khalati zake wawili. Uchungu ukimshika hakuna wa kuombwa ruhusa. Wanafunga mlango wanatoka. Yeye ndiye tunayemhesabu kuwa na hatari! Na sijamtaja anayepigwa na mumewe akiwa na mimba, ambaye naye huwa katika hatari zaidi ya kuzaa kabla ya wakati.

Wazee wetu wa Mji wa Kale waliliona hili. Mimba ya kwanza, binti alirudishwa kwao, akazalia kwa mamake, na arobaini akaimalizia hukohuko. Ndoa ilikuwapo, tena ya shangwe, na bado hawakuitegemea peke yake.

Kina baba, msifurahi mapema. Sura ya At-Talaq, aya ya 6, inaamuru mtalaka mwenye mimba atunzwe mpaka ajifungue. Katiba ya Kenya, kifungu cha 53, inawapa baba na mama jukumu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au hawakuoana.

La mwisho ni la chumba cha kujifungulia. Majaribio 26 yaliyojumlishwa pamoja, yenye wanawake zaidi ya 15,000, yalionyesha kwamba mama anayekaa na mtu wa kumliwaza muda wote wa uchungu huzaa zaidi kwa njia ya kawaida, na uchungu wake huwa mfupi. Mtu huyo si lazima awe mume. Shirika la Afya Duniani linasema achaguliwe na mama mwenyewe: somo, dada, khalati, yeyote amtakaye. Wodi zetu nyingi vitanda vimebanana bila pazia, ndiyo maana mwanamume huzuiwa, na hapo naelewa. Lakini khalati naye anaachwa nje getini usiku kucha, na kwa hilo sina la kututetea sisi wauguzi. Pazia zenyewe fundi yeyote wa Mwembe Tayari atazishona kwa siku moja.