Ule mstari kwenye stemu haukuwekwa urembo

Haya tuanze, walio nje wataingia tukiendelea. Wengi hapa mmeshanisikia na mnajua nitasema nini, mstari mstari mstari, na kuna kijana hapo mbele ameshaanza kucheka. Cheka tu kaka, ila ukifika nyumbani chomoa stemu ya baiskeli yako, kile kipande kinachounganisha usukani na foku, uangalie.

Naongelea stemu zile za kuingia ndani ya bomba la foku, yaani ule uma unaoshika tairi la mbele, maana huku kwetu ndiyo nyingi, hizi za mtumba za Kijapani zenye kikapu, za watoto, na zile za gia za miaka ya 90. Ukiichomoa utakuta kuna alama imechongwa kwenye shingo yake, mara nyingi vijistari vimepangwa na maandishi ya Kiingereza. Alama ikionekana juu ya nati ya juu ya bomba hilo, stemu imepandishwa kupita kiasi. Hakuna mjadala.

Lakini mjadala ninaletewa kila siku! Kuna mama alikuja na baiskeli ya mwanawe, mtoto karefuka, kiti kimepandishwa, na usukani nao fundi wa mtaani kaupandisha mpaka alama iko vidole viwili juu ya nati, unaiona ukiwa umesimama kule. Namuuliza dogo unaenda wapi na hii, ananiambia shule, tena njia yenye mteremko. Nikabana tairi ya mbele kwa magoti, nikashika usukani nikaugeuza, ukageuka wenyewe, tairi haina habari. Mama akasema, sasa fundi si ukaze tu?

Hapo ndipo watu wanapopotea, wanadhani shida ni kukaza. Ndani ya stemu kuna bolti ndefu, chini ya bolti kuna kabari, ukikaza bolti kabari inavutwa juu na kubanana na ukuta wa bomba la foku. Sasa lile bomba, sehemu ya juu limekatwa thredi, yaani mikunjo ya skrubu, kwa nje ili nati za beringi zishike, kwa hiyo pale ukuta ni mwembamba, na chini ya thredi ndiyo chuma kimejaa. Stemu ikiwa chini inavyotakiwa, kabari inabana kwenye chuma kizima. Ukiipandisha, kabari inakuja kukaa palepale kwenye thredi, na kila unavyokaza ndivyo unavyolipasua bomba kutokea ndani. Ile ya mtoto bomba lilishatuna, nati ya beringi ikagoma kutoka, tukabadilisha foku nzima. Na lingekuwa na ufa msingeuona kwa nje, mngesikia tu siku dogo anashika breki kwenye mteremko, uzito wote uko kwenye mikono, usukani unabaki mkononi baiskeli inaenda kwake.

Najua mzee wangu pale ataniambia baiskeli yake ya Phoenix haina alama yoyote na amebebea mkaa tangu hajaoa. Sawa mzee, shikamoo, na nyingi za zamani kweli hazina. Kanuni za Marekani zinataka alama iwe juu ya mwisho wa chini wa stemu kwa si chini ya mara 2.5 ya unene wake, na stemu ya milimita 22.2 inakupa kama milimita 56. Mimi nasema stemu iingie ndani ya bomba kwa urefu wa vidole vinne vya mtu mzima, utakuwa umezidisha kidogo na hakuna atakayekulaumu.

Mwingine atasema mgongo unauma usukani ukiwa chini. Nunua stemu ndefu! Zipo kwa wauza spea za mtumba, au tafuta usukani uliopinda kwenda juu. Na wewe unayesema haya ni mambo ya kuogopa ogopa, Olimpiki ya Tokyo, Agosti 2021, Alex Porter wa Australia usukani ulimkatikia akiwa kwenye mchujo, akaangukia uso. Timu ina mainjinia wake. Wewe una spana moja uliyoazima.

Kuichomoa sasa, legeza bolti mizunguko michache, weka kipande cha mbao juu yake, gonga na nyundo, kabari itashuka. Usianze kuuzungusha usukani kwa nguvu kama unakamua nguo. Na wakati wa kurudisha paka grisi shingo ya stemu, kabari na thredi za bolti, hasa nyie wa Tanga na Unguja, alumini ikikaa ndani ya chuma kwenye hewa ya chumvi zinashikana, halafu unaniletea baiskeli na msumeno.

Naambiwa muda umeisha, na hata nusu sijafika. Haya harakaharaka, stemu za kisasa za kubana bomba la foku kwa nje, ile bolti ya juu kwenye kifuniko haishikilii usukani, kazi yake ni kuondoa mchezo, yaani kulegea, kwenye beringi. Unaanza nayo, unashika breki ya mbele unasukuma baiskeli mbele nyuma usikie kama kuna mchezo, ndipo unakaza zile za pembeni kidogokidogo kwa zamu. Kifuniko cha mbele chenye bolti nne, kinachobana usukani, kaza kwa msalaba, mwanya wa juu na chini ulingane, na namba ya kukaza kwa kawaida imeandikwa hapohapo, nyingi ni 5 au 6 Nm (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), yaani si ya kuning'inia kwenye spana. Usukani wa unene wa milimita 25.4 hauingii kwenye stemu ya milimita 31.8 kwa kuzungushia kopo la soda, nimeyaona hayo. Wa alumini ukipinda usiunyooshe, tupa.

Na zile ncha mbili za usukani, vifuniko vyake havigharimu kitu, ziba. Mtoto akiangukia bomba lililo wazi linamwingia tumboni. Haya, nani alikuja na baiskeli?