Dola Milioni Nne za Kupunguza Safari

Habari za jioni, na ahsanteni kwa kubaki baada ya vipindi. Mwenyekiti wenu aliniomba nizungumzie malipo ya wakurugenzi kwenye makampuni makubwa ya nguo, akaniachia nichague kampuni. Nimechagua Abercrombie & Fitch, ya New Albany, jimbo la Ohio. Mnaifahamu. Ni zile fulana zenye mnyama wa mapembe mapana kifuani, zinazogombaniwa pale Karume belo likifunguliwa.

Mwaka 2010 kampuni hii ilimlipa mkurugenzi mtendaji wake, Mike Jeffries, dola milioni 4 kwa mkupuo ili apunguze kutumia ndege ya kampuni kwa safari zake binafsi.

Narudia, maana naona mnaangaliana. Hakukatwa, alilipwa. Tangu hapo safari zake binafsi ziliwekewa kikomo cha dola 200,000 kwa mwaka, na kinachozidi anakirudisha mwenyewe. Na ndege yenyewe haikuwa ya mchezo: kesi ya rubani mmoja wa zamani ilikuja kufichua kijitabu cha kurasa 47 kilichoeleza wahudumu wavae nini humo ndani, hadi kandambili.

Mwanasheria atawaambia kwamba haki ikishaandikwa kwenye mkataba ni mali, huwezi kumnyang'anya mtu bila fidia. Sawa. Mimi nauliza kalamu ilikuwa mkononi mwa nani siku haki hiyo ilipoandikwa.

Kwa sheria za masoko ya hisa ya Marekani, malipo ya mkurugenzi mtendaji hupangwa na kamati ndogo ya bodi, ya watu wasio waajiriwa wa kampuni. Kwenye karatasi ni watu huru. Lakini nao wanalipwa. Mjumbe wa bodi ya kampuni kubwa kule hupata, kwa wastani, zaidi ya dola 300,000 kwa mwaka, sehemu taslimu na sehemu hisa, kwa vikao ambavyo mara nyingi havifiki kumi. Sisi tunaojua posho ya kikao inavyolainisha ulimi hatuhitaji kuelezwa zaidi. Na kwa miaka mingi mwenyekiti wa bodi ya Abercrombie alikuwa Jeffries huyohuyo.

Kamati haikai peke yake, huajiri washauri. Washauri huleta orodha ya makampuni "yanayofanana nasi" na kuonyesha wenzao wanalipa kiasi gani. Hakuna bodi inayotaka kukiri kwamba bosi wake ni wa chini ya wastani, kwa hiyo kila mmoja anasogezwa hadi katikati au juu kidogo. Mwaka unaofuata ile katikati yenyewe imepanda. Hakuna aliyeiba hapo. Kila mtu alifuata utaratibu.

Sasa tusome mkataba, maana mshahara ni karatasi ya kwanza tu. Mshahara wa Jeffries ulikuwa dola milioni 1.5. Malipo yake yote ya mwaka 2011 yaliandikwa kama dola milioni 48. Tofauti ilitoka wapi? Sehemu kubwa ilikuwa haki za kulipwa ongezeko la bei ya hisa. Ziko hivi: tunaandika bei ya hisa ya leo, tuseme dola 20. Ikifika 50, unapewa ile 30 kwa kila hisa uliyoandikiwa. Ikishuka hadi 10, hudaiwi kitu. Ni kama dereva wa daladala anayegawana faida na tajiri, ila siku ya hasara hesabu anafunga tajiri peke yake. Wahasibu mnaoniangalia kwa jicho kali, mko sahihi: ile 48 ni makadirio ya siku haki zilipotolewa, si noti mkononi. Lakini tazameni tarehe. Mkataba mpya ulisainiwa Desemba 2008, soko zima likiwa limeporomoka. Ukianza kuhesabu ukiwa shimoni, hata kurudi usawa wa ardhi kunaitwa mafanikio.

Mkataba wa kabla ya huo ulimwahidi dola milioni 12 akibaki kazini hadi mwisho wa 2008. Abaki tu, basi. Wanahisa walikwenda mahakamani, wakaelewana, ahadi ikakatwa hadi milioni 6.

Baada ya mtikisiko wa fedha ilikuja sheria ya Dodd-Frank ya 2010, iliyowapa wanahisa kura juu ya malipo ya wakubwa. Kura hiyo ni ya ushauri, haimfungi mtu. Wanahisa wa Abercrombie walikataa malipo hayo mwaka 2012, na 2013 wakakataa tena kwa takriban kura nane katika kila kumi. Jeffries alivuliwa uenyekiti Januari 2014 na kuondoka Desemba mwaka huohuo. Msiipe kura sifa zote, mauzo nayo yalikuwa yanashuka.

Sheria hiyohiyo iliagiza kila kampuni itangaze mkuu wake anapata mara ngapi ya mfanyakazi wa katikati, yaani yule ambaye nusu ya wenzake wako juu yake na nusu chini. Ripoti zilianza 2018. Gap, kampuni nyingine ya nguo ya Marekani, kwa hesabu za mwaka huo waliandika mara 3,566: mkuu dola milioni 20.8, mfanyakazi wa katikati dola 5,831. Gap hulalamika kwamba wauzaji wake wengi hufanya kazi saa chache kwa wiki, na kanuni hairuhusu kuhesabu saa hizo kana kwamba ni ajira kamili. Malalamiko hayo nayakubali.

Lakini hesabu hiyo ni ya waajiriwa wa kampuni na kampuni tanzu zake tu. Mshonaji wa kiwanda cha mkandarasi, awe Dhaka, awe Athi River kwenye viwanda vilivyokua kwa nafuu ya ushuru ya AGOA, sheria ya Marekani kwa bidhaa za Afrika, si mwajiriwa wa mwenye jina lililo kwenye lebo. Hayumo juu ya mstari wala chini yake. Ile 3,566 imepatikana kabla hajaanza kuhesabiwa.

Naona dada wa nyuma amenyoosha mkono tangu kwenye ndege. Karibu.