Ovari Nazo Zina Amri Yake: Mazungumzo Ngomeni, Lamu

Asalaam aleikum, mama zangu wakunga, na nyinyi vijana mliojibanza mlangoni. Ingieni, haya si mambo ya kuoneana haya.

Shuleni mliambiwa habari za kromosomu, zile nyuzi za urithi ndani ya seli: mwenye Y ni mwanamume, mwenye X mbili ni mwanamke, basi. Lau ingekuwa hivyo ningekwisha sasa, tukanywe kahawa.

Hadi wiki ya sita hivi tangu mimba kutungwa, kila kiinitete kina tezi changa ziwezazo kuwa korodani au ovari, na jozi mbili za mirija: ya Wolff na ya Müller. Kisha kwa mwenye Y jeni, yaani agizo la urithi, iitwayo SRY, iliyo kwenye Y hiyo, huamka. Ilitambuliwa mwaka 1990. Mwaka uliofuata watafiti wa London waliipandikiza kwa panya wa X mbili, akakua na korodani. SRY huamsha jeni nyingine, SOX9, nayo ndiyo huendesha kazi. Korodani zikishaumbika hutoa homoni ya AMH, inayoifuta mirija ya Müller ambayo ingekuwa kizazi, na testosteroni, inayoibakisha ya Wolff.

Hapa ndipo ninapogombana na vitabu vya zamani. Vilifundisha kuwa ovari hujitokea zenyewe tu, pasipo amri. Siyo! Jeni za WNT4 na RSPO1 hufanya kazi ya kuzijenga na kuizuia SOX9. Mwaka 2006 ilielezwa familia ambayo watu wake wa X mbili, wasio na SRY kabisa, walikua wanaume kwa sababu RSPO1 yao ilikuwa na hitilafu. Na mwaka 2009 panya jike wazima walipoondolewa jeni ya FOXL2, seli za ovari zao zikaanza kufanana na za korodani. Ukubwani, jamani! Kumbe ovari hulindwa umri mzima.

Sasa yenu, wakunga. Mkiona tundu la mkojo liko chini ya uume badala ya nchani, mtoto asitahiriwe kwanza. Ngozi ile huenda daktari akaihitaji kuitengeneza njia. Na mtoto ambaye maumbile yake hayajulikani, mkipapasa hamzipati korodani, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Huenda ni msichana ambaye tezi zake za juu ya figo hazitengenezi homoni ya kotisoli. Wengine wao hupoteza chumvi mwilini, na hufa katika wiki za mwanzo wasipotibiwa. Najua akika ni siku ya saba na jamaa wanauliza jina. Waambieni hata siku ya 14 au ya 21 yafaa.