Pamba Nyeupe Kwenye Mshubiri

Karibuni, sogeeni karibu na chungu hiki. Tanueni majani ya katikati, pale yanapobanana. Hivyo vijipamba vyeupe si ukungu wala vumbi, ni vidung'ata, wadudu wadogo wanaofyonza maji ya mmea. Jike mmoja hutaga mayai mamia ndani ya pamba hiyo, na nta yake huzuia dawa kupenya. Ndiyo maana mtu hupulizia mara moja, akaridhika, na wiki mbili baadaye akawakuta tena. Aliua wazazi tu.

Msiwachanganye na wengine. Vidugamba ni vigamba vya kahawia vilivyoganda kwenye jani, vinabanduka kwa ukucha. Vidukari, yaani wadudu mafuta, hupenda vikonyo vya maua. Kwenye mpungate, pondeni ile pamba kwa kijiti: ikitoa wekundu kama damu, huyo ni kochinili, mdudu anayefyonza mpungate, jamaa ya yule aliyeachiliwa Laikipia, Kenya, mwaka 2014 kupambana na mpungate vamizi.

Sasa tiba. Mmea wenye wadudu uhamishwe mbali na wenzake. Chovyeni kijiti cha pamba kwenye spiriti ya asilimia 70, mguse kila mdudu mpaka nta ilowe na mwili uonekane. Kisha changanyeni kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji, mpulizie jioni, hasa chini ya majani na kwenye makwapa yake. Jua likikuta sabuni juu ya jani, jani linaungua. Sabuni ya unga ya kufulia msiiguse kabisa. Jaribuni jani moja kwanza, msubiri siku mbili. Rudieni kila siku 7, mara nne, ili kila kizazi kinachoanguliwa kikutwe kabla hakijataga.

Echeveria, ule mmea wa majani manene yaliyopangika kama ua, ina unga wake wa asili juu ya majani. Sabuni na mafuta ya mwarobaini huuondoa, na jani hilo haliurudishi. Hapo tumieni kijiti tu, taratibu.

Mkiona sisimizi wanapanda na kushuka, anzeni nao. Wanakunywa majimaji matamu ya vidung'ata na kuwafukuza wadudu wanaowala. Simamisheni chungu juu ya matofali ndani ya sinia la maji, chungu chenyewe kisiguse maji.

Mmea ukisinyaa ingawa mnamwagilia, ung'oeni. Unga mweupe kwenye mizizi na ukutani mwa chungu ni vidung'ata wa mizizi. Tupeni udongo wote, osheni mizizi, kateni iliyooza, anikeni kivulini siku 5 hadi 7, ndipo mpande kwenye mchanganyiko mpya mkavu. Maji yasubiri wiki nzima.

Mshubiri wenye uvimbe wa mabonge-mabonge umeshikwa na utitiri usioonekana kwa macho, unaoishi ndani ya uvimbe huo, sabuni haiufikii. Kateni hadi kwenye nyama safi, mchome mabaki, na kisu kifutwe kwa spiriti kabla hakijagusa mmea mwingine.