Yai Moja Tu

Ndugu zangu, nimelisema hili mpaka wengine wenu mnalijua kwa moyo: kabla hujavua ndara kumpiga nyoka, tazama kwanza.

Kule Barbados, katika Karibi, yuko nyoka wa sentimita 10 hivi, mwembamba kama tambi. Mkunje, anaenea juu ya sarafu ya shilingi ishirini. Blair Hedges, mtaalamu wa Marekani, alimtangaza mwaka 2008 na kumpa jina la mkewe, Carla. Msicheke! Ukiolewa na mtu wa nyoka, zawadi ndizo hizo.

Sasa nisikilizeni. Nyoka huyu hutaga yai moja. Chatu hutaga kwa makumi, huyu moja tu. Kwa nini? Chakula chake ni mchwa na viluwiluwi vya chungu. Lau angetaga mawili, vitoto vingekuwa vidogo hata visipate mdudu wa kuenea kinywani. Basi nguvu zote anazitia kwenye hilo moja, na kitoto kikianguliwa kinakaribia nusu ya urefu wa mama. Nusu, akina mama! Nani hapa amejifungua mtoto wa futi mbili na nusu?

Najua yuko anayenong'ona huko nyuma: Barbados na Mombasa wapi na wapi? Ngoja basi. Misitu ya kisiwa kile karibu yote ilifyekwa, mingi kupisha miwa. Nyoka akapotea machoni karibu miaka 20, hadi Machi 2025 alipoonekana chini ya jiwe. Wala hawakupiga vigelegele. Walimtia kwenye darubini kwanza, kwa kuwa kisiwani yuko mgeni anayefanana naye.

Na mgeni huyo mnamjua! Ndiye yule mweusi anayeteleza bafuni kwenu Kisauni mvua zikinyesha, mkammwagia mafuta ya taa. Husafiri kwenye udongo wa miche, toka Asia mpaka kwenye vyungu vyenu vya maua. Wote majike, hutaga bila dume. Mmoja anatosha kuanzisha ukoo. Wenzetu wametumia darubini kuwatenganisha wawili hawa. Sisi hata taa hatuwashi, ndara ishatua.

Nilitaka kuisema na hiyo miche inayouzwa barabarani, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Sumu ya kukudhuru nyoka huyu wa bafuni hana, na kinywa chenyewe hakifunguki cha kukuuma. Haya, maswali. Anayetaka kuniuliza kama huingia masikioni, akae.