Helen na Bobby: mhadhara baada ya kutazama The Panic in Needle Park

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kubaki vitini. Filamu ya namna hii ikiisha, mtu hutamani kutoka nje apumue kidogo. Waliotoka wana haki yao, na wakirudi katikati ya maneno yangu, tuwapishe wakae.

Nimeombwa nizungumze juu ya mapenzi na uraibu katika sinema. Filamu ziko nyingi. Nitashika hii tuliyoitazama, na mbele kidogo nitagusa moja ya Australia, kwa sababu zote mbili zinasema jambo ambalo sisi tunaozungumza na vijana tunaliogopa. Tumezoea kuwaambia kwamba unga, yaani heroini, unaua mapenzi. Wanatusikiliza kwa adabu, kisha wanarudi kwa wapenzi wao na kukuta mapenzi yapo palepale, hayajafa. Basi wanaona tumewadanganya. Filamu hii haiwadanganyi. Helen na Bobby wanapendana kweli, mwanzo hadi mwisho, na unga ulimfikia Helen kwa kupitia mapenzi hayohayo. Hilo ndilo nililokuja kulisema usiku wa leo, na nitalishikilia.

Historia yake kwa ufupi. Filamu ilitoka mwaka 1971. Mwongozaji, Jerry Schatzberg, alikuwa mpiga picha wa mitindo kabla ya kuingia kwenye sinema. Hati iliandikwa na Joan Didion pamoja na mumewe, John Gregory Dunne, kutoka katika kitabu cha James Mills kuhusu watumiaji wa heroini wa New York. Eneo lenyewe ni la kweli: Sherman Square, kwenye Broadway, upande wa magharibi wa Manhattan, ambalo watumiaji walilibandika jina la Needle Park, yaani bustani ya sindano. Al Pacino, aliyecheza Bobby, alikuwa bado hajulikani, na hii ndiyo mara yake ya kwanza kubeba filamu. Mwaka uliofuata dunia nzima ikamjua kupitia The Godfather. Lakini tuzo ilikwenda kwa Kitty Winn, aliyecheza Helen. Tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka huohuo wa 1971, walimpa tuzo ya mwigizaji bora wa kike, na mimi nasema walitazama vizuri. Macho ya filamu hii ni yake. Tunaingia mtaani pamoja naye, tunaona anachokiona.

Mmegundua kwamba hakuna muziki? Hata chembe. Kuna honi za magari, hatua za watu, mlango unafungwa, mtu anakohoa chumba cha pili. Tukumbuke ile sehemu ambapo Helen anawatazama watu wakijidunga kwa mara ya kwanza. Kijiko, moto wa kiberiti, mkono unakazwa, mshipa unatafutwa, sindano inaingia, damu kidogo inarudi ndani ya bomba. Kamera haikwepi. Laiti mtunzi angeweka vinanda vya huzuni hapo, tungejua la kuhisi, tungelihisi, tukalimaliza. Bila muziki tunaachwa na Helen, naye hatazami kwa hofu wala kwa tamaa. Anajifunza. Huyu ni binti wa Fort Wayne, Indiana, ametoka juzi tu katika mikono ya mtu aliyemtoa mimba kienyeji na kumwacha akiugua, na yule mwanamume aliyekuwa naye hakujishughulisha sana. Aliyejishughulisha ni Bobby. Alimkuta anatetemeka, akampa skafu yake. Alipolazwa hospitali, Bobby akaenda kumwona. Nani kati yetu angemwambia binti huyu amkatae kijana wa namna hiyo?

Sasa tufike usiku wenyewe. Bobby amejidunga hadi hasikii akiitwa. Yupo kitandani na hayupo. Helen ametoka kushikwa na mpelelezi kwa ajili ya mzigo aliotumwa na Bobby huyohuyo, ameachiwa, amerudi na hofu yake, na hana wa kumwambia. Hapo ndipo anaanza. Tafadhali litazameni jambo hili kwa makini, maana vitabu vyetu vya ushauri huweka sababu kama vile marafiki wabaya, umaskini, udadisi. Vyote vipo duniani. Lakini Helen hakuanza kwa udadisi. Alianza kwa sababu mtu anayempenda alikuwa amekwenda mahali, naye hakuwa na njia nyingine ya kumfuata. Na baada ya hapo ndipo habari ya kuoana inapokuja! Bobby anaongea juu ya ndoa kwa furaha ya kweli kabisa. Kwake wamekuwa kitu kimoja.

Filamu ya Australia niliyoitaja ni Candy, ya mwaka 2006, ya Neil Armfield, na Heath Ledger na Abbie Cornish ndio wapenzi. Nchi nyingine, miaka thelathini na mitano baadaye, na jambo ni lilelile: msichana hataki tena kuvuta kwa pua, anataka atumie kama mpenzi wake anavyotumia. Karibu afe siku hiyohiyo, ndani ya maji ya kuogea. Wanaofanya kazi na wanawake wanaojidunga wanalifahamu hili vizuri. Mara nyingi sana sindano ya kwanza hutoka mkononi mwa mpenzi. Haitoki kwa mwuzaji mgeni aliyejificha kwenye kona, yule tunayewachorea watoto.

Nieleze kidogo mwilini kunatokea nini, kwa sababu bila hilo tutawahukumu hawa wawili kwa yale wanayofanya baadaye. Heroini ikifika kwenye ubongo hugeuka kuwa mofini na kukamata vipokezi ambavyo mwili umeviweka kwa ajili ya kutuliza maumivu. Maumivu yanakwisha, na hofu inakwenda pamoja nayo. Mwili unazoea, unadai zaidi kwa matokeo yaleyale. Kisha, ukipita muda wa saa 8 hadi 12 hivi baada ya dozi ya mwisho, arosto, yaani mateso ya kukosa unga, inaanza: miayo, makamasi, machozi, vipele vya baridi, mifupa inauma, tumbo linaharisha, usingizi hauji. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya zaidi, halafu inapungua taratibu ndani ya wiki moja au zaidi. Tafuteni kazi yenye zamu ambayo mtu wa namna hiyo anaweza kuishika. Helen alijaribu kuhudumia wateja mezani. Mmeona alivyochanganyikiwa na oda. Watu wanaguna wakiona pale, kana kwamba ni mvivu, na mimi naumia, kwa sababu ile ilikuwa juhudi. Pengine ndiyo juhudi kubwa kuliko zote anazofanya katika filamu nzima.

Neno "panic", yaani taharuki, katika jina la filamu linataja hali fulani ya mtaani. Unga unapoadimika, polisi wamekamata shehena au wakubwa wamegombana, kete zinapanda bei na hazipatikani, na watumiaji wanaanza kuuzana. Mtu anampa polisi jina la rafiki yake ili aachiwe, aende kutafuta dozi. Mpelelezi Hotch anamweleza Helen jambo hilo mapema, kwa sauti ya upole, karibu kama kaka. Na huyohuyo Hotch ndiye anayekuja kulitumia. Anamkamata Helen kwa kosa la kuuza vidonge, anamwonyesha jela, anamwonyesha njia ya kuikwepa: awawezeshe polisi wamshike Bobby akiwa na mzigo mkubwa. Helen anakubali. Bobby anapelekwa huku akimpigia kelele kwamba alikuwa atamwoa.

Nimewasikia baadhi yenu hapa wakisema "msaliti". Nawaomba tusilitumie neno hilo haraka. Alisimama katikati ya arosto, jela na askari anayejua kila kona ya udhaifu wake. Serikali ilikuwa imeamua kwamba njia ya kuwafikia wakubwa ni kuwavunja wadogo, mmoja kupitia mwenzake. Juni mwaka huohuo wa 1971 Rais Nixon alitangaza kwamba matumizi ya dawa za kulevya ni adui namba moja wa Marekani. Mnajua adui huyo alikuwa na sura gani mtaani? Alikuwa na sura ya Helen. Mimi usaliti nauona mapema zaidi, na ni mdogo mno hata tunaupita.

Ni kwenye feri. Wawili hawa wametoka mjini, wamekwenda shamba, wamenunua mtoto wa mbwa. Wameanza kuongea kwamba labda wangehamia huko, mbali na bustani. Nadhani ni mara ya kwanza tunawaona wanapenda kitu kingine kwa pamoja ambacho si unga. Safari ya kurudi, Bobby anaanza kumbembeleza wajidunge chooni, choo cha wanaume. Helen hataki, anataka wafike kwanza. Bobby hagombi. Hatishi. Anaongea kwa ule ule upole aliompa nao skafu, na Helen anakwenda. Mbwa analia humo ndani, anawasumbua, Bobby anamtoa nje na kufunga mlango. Helen anapotoka mbio kumfuata, anawahi kumwona tu akitumbukia majini.

Watu hulia kwa ajili ya mbwa, nami siwalaumu. Ila nataka mkumbuke sauti ya Bobby kabla ya hapo. Sinema nyingi zingetufanyia hisani ya kumfanya awe mkatili wakati ule, ili tujue pa kumweka. Schatzberg anakataa. Huruma ya Bobby haijabadilika hata kidogo. Kinachobadilika ni inakompeleka Helen. Kwa hiyo msichana wa namna hii akija kwenu kutaka ushauri, mkamwambia "huyo hakupendi", mmeshampoteza. Yeye ana ushahidi. Anayo skafu.

Mwisho wa filamu mmeuona: Bobby anatoka gerezani, Helen anamngoja nje. Bobby anampita kwa hasira, kisha anageuka na kumwuliza, basi? Wanaondoka pamoja. Wahakiki wamegombana miaka yote kama huo ni msamaha au ni maangamizi. Candy ilichagua njia nyingine: kijana amepata nafuu, anaosha vyombo kwenye mkahawa, mpenzi wake anarudi tayari kuanza upya, naye anamkataa akiwa bado anampenda. Wengi huona huo ndio mwisho wa busara. Huenda. Lakini mimi sitaki kuwaambia wapenzi wote watengane, kwa sababu wengi hawatatengana, na tukiwapa sharti hilo hawatarudi tena kwetu.

Ninachokiona mimi pale gerezani ni hatari ambayo filamu haiitaji. Mtu aliyekaa ndani miezi bila unga, mwili wake umesahau kuuzoea. Kichwa chake kinakumbuka dozi ya zamani. Wiki mbili za kwanza baada ya kutoka ni wakati ambao wanaokufa kwa kuzidisha dozi ni wengi mno, na hili limeonekana nchi baada ya nchi. Bobby na Helen wanatembea kuelekea huko, na hakuna aliyewaambia kitu.

Na cha kuwaambia kilikuwapo! Hili ndilo linaloniuma. Methadoni ilikuwa imeanza kutumika kutibu uraibu wa heroini katika mji huohuo, New York, katikati ya miaka ya 1960, kwa kazi ya Vincent Dole, Marie Nyswander na Mary Jeanne Kreek. Dozi moja kwa siku, arosto inatulia, mtu anaweza kushika zamu yake. Nayo naloksoni, dawa inayouondoa unga kwenye vipokezi na kumrudishia mtu pumzi, ilipata kibali Marekani mwaka huohuo wa 1971.

Leo dawa hizo tunazijua vizuri zaidi, lakini bado tunawaandikisha watu mmojammoja, kana kwamba kila mmoja ametoka nyumba tupu. Anaanza matibabu mmoja, anarudi usiku kulala karibu na mwenzake anayepika kwenye kijiko. Wanaokuja wawili waanzishwe matibabu siku ileile. Wakitaka kukaa mbalimbali wiki za mwanzo, wasaidiwe kupata mahali, wasipotaka, tusiwafukuze. Mpenzi afundishwe naloksoni kabla mwenzake hajatoka gerezani, maana yeye ndiye atakayekuwapo. Afundishwe pia kwamba dawa hiyo huisha nguvu ndani ya nusu saa hadi saa moja na nusu, wakati unga bado umo mwilini, kwa hiyo akishampa aite msaada na asiondoke, hata mwenzake akifumbua macho na kusema yuko salama.

Nakaribisha maswali. Yule dada wa mstari wa tatu aliinua mkono tangu nilipotaja ndoa, tuanze naye.